Yai la Mtawa

Mjukuu wangu alipopata kazi katika jumba la samaki, nilidhani amepata kazi ya kupika. Nikampa hongera, nikamfungia visu vyangu viwili vizuri kwenye gazeti. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, hawa samaki hawaliwi. Wanaangaliwa tu."

Nikamuuliza wanaangaliwa ili iweje. Akasema siku moja nitakwenda nione mwenyewe, kisha ndiyo nimuulize tena.

Nilikwenda baada ya muda mrefu, na kilichonipeleka kilikuwa chandarua. Alikuwa anatafuta kitambaa laini cha kushonea vifuko vya kuning'iniza mayai ya papa ndani ya maji. Vifuko vya dukani vina nyuzi ngumu, alisema, vinakwaruza. Mimi nilikuwa na chandarua cha zamani, kimefuliwa miaka na miaka mpaka kikawa laini kama shavu la kichanga. Nikakata, nikashona, na siku ya kuvipeleka akaniambia, "Twende wote, mke mwenzangu. Ukamwone unayemshonea."

Tunaitana mke mwenza tangu alipoanza kusema, kwa sababu babu yake alikuwa akimwambia kila asubuhi kwamba yeye ndiye mke mdogo na ndiye anayependwa zaidi. Babu yake hayupo tena. Utani umebaki, na mimi naufurahia.

Jumba lile lina mlango wa mbele kwa wageni na mlango wa nyuma kwa wafanyakazi. Mbele kuna vioo virefu, mwanga wa buluu, na watoto wa shule wamebandika pua kwenye kioo. Nyuma kuna mabomba, ndoo, kelele za pampu, harufu ya chumvi na sakafu isiyokauka. Mjukuu wangu alinipitisha nyuma. Fundi wa pampu, mwanamume mnene ambaye wote wanamwita Bomba, aliponiona natembea kwa kujishikilia ukuta, aliacha spana yake, akaenda kuleta kipande cha zulia la mpira, akakitandaza mbele ya miguu yangu. Akarudi kwenye pampu yake. Mpaka leo kipande kile kipo palepale.

"Huyu hapa," mjukuu wangu akasema. "Huyu ndiye Mtawa."

Nilikuwa nimejiandaa kuona meno. Unaposikia papa unategemea meno. Nikaona tangi pana, fupi, kama kitanda cha watu wawili, na chini kwenye mchanga, pembeni ya jiwe, amelala samaki mwembamba asiyezidi urefu wa mkono wangu. Rangi yake kahawia, na mistari myeupe iliyofifia kama nguo iliyoanikwa juani miaka mingi. Mkia mrefu kuliko mwili. Mdomo mdogo, uko chini ya pua, na juu yake vindevu viwili kama vya kambare. Alikuwa ametulia kabisa, ila pembeni mwa shingo yake matamvua ya kupumulia yalikuwa yakifunguka na kufunga, kufunguka na kufunga, taratibu, kama mtu aliyelala usingizi wa mchana.

"Mbona haogelei? Nilisikia papa akisimama anakufa."

"Wale wa bahari kuu, baadhi yao. Huyu ni wa ufukweni, Bibi. Wanakaa kwenye miamba karibu na nchi kavu, maji yakitoka wanabaki kwenye vidimbwi. Wanajua kulala chini wakavuta maji kwa mdomo. Usiku ndiyo anatoka kutafuta kaa."

"Na kwa nini mnamwita Mtawa?"

"Alikuja hapa angali mdogo sana. Hajawahi kukaa na dume, hata siku moja. Maisha yake yote yuko peke yake kwenye hili tangi."

Sauti ya Bomba ikatoka nyuma ya pampu. "Na sasa mtawa kapata mimba. Mwulize mjukuu wako, Bibi, nani anahusika. Mimi nilikuwa likizo."

Nilidhani ni mzaha wake tu. Kumbe mzaha ulikuwa katika kusema, jambo lenyewe lilikuwa kweli.

Mtawa alikuwa na kawaida ya kutaga, mayai mawili mawili, kama kuku asiye na jogoo. Miaka yote yalikuwa yakiokotwa na kutupwa, kwani kila mtu alijua hayana kitu. Mjukuu wangu naye aliyatupa, mwaka wa kwanza na wa pili. Kisha siku moja, kabla hajatupa, aliweka tochi nyuma ya yai moja. Akaona kitu chembamba kama uzi kinapiga ndani.

Alipowaambia wenzake walimcheka. Bomba ndiye aliyeanza. Lakini daktari wa samaki, ambaye ndiye mkuu wao kule nyuma, hakucheka. Alikuja, akapiga magoti, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akasema mambo haya yamewahi kuonekana kwingine, mara chache sana: papa jike asiye na mume, yai lake likijikamilisha lenyewe kwa kitu chake mwenyewe, na mtoto akazaliwa, jike kama mama yake. Akasema wayatunze. Wakayatunza, na mayai yakaoza, moja baada ya jingine. Mtoto wa namna hii ni dhaifu, daktari alieleza, hana wa kumwongezea nguvu upande wa pili. Nilipofika mimi lilikuwa limebaki moja. Na Mtawa alikuwa mzee, hajataga tena kwa miezi mingi. Kwa hiyo yai lile lilikuwa la mwisho, na mjukuu wangu aliliwekea moyo wake wote. Hakusema hivyo. Nilimjua kwa jinsi alivyokishika kifuko nilichoshona, akikipitisha shavuni kutafuta kama kuna uzi unaochoma.

Yai la papa si duara na halina ganda gumu. Ni kama mkoba mdogo wa ngozi, kahawia iliyoiva, na kwenye pembe zake kuna nyuzi za kujifungia kwenye mwani. Alilitoa polepole, akaliweka ndani ya beseni la plastiki lenye maji ya tangini, akawasha tochi kwa nyuma.

Mimi nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi. Nimepokea watoto wa watu wasiohesabika, wengine sasa wana wajukuu. Lakini kumwona mtoto kabla hajaja, kwa macho yangu, sikuwahi. Wakati wetu tulikuwa na kipembe cha kusikilizia: unaweka upande mmoja kwenye tumbo la mama, upande mwingine sikio lako, unafumba macho, unatafuta. Mara unasikia moyo mdogo unakimbia mbali kule, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Basi. Mengine yote unayaacha kwa Mungu mpaka siku yake.

Na sasa ngozi ile ya yai ikawaka rangi ya chai ya rangi, na ndani yake alikuwemo mtu. Nasema mtu kwa sababu sikupata neno lingine. Kichwa, macho mawili meusi, mwili wenye mistari, na tumboni amefungiwa kiini cha njano kikubwa kama zabibu, chakula chake chote cha safari. Mkia wake ulikuwa haupumziki. Unapiga kulia, unapiga kushoto.

"Anacheza," nikasema.

"Anafanya kazi. Yai limefunguka kidogo hapa pembeni. Ule mkia ndio pampu yake, anavuta maji mapya yaingie, anatoa machafu. Akiacha muda mrefu anakosa hewa."

"Nani kamfundisha?"

Mjukuu wangu akaniangalia, akatabasamu. "Hilo ndilo nilitaka uniulize, Bibi."

Tulimrudisha kwenye kifuko. Nilipotoka pale miguu yangu haikuwa na maumivu yoyote, au nilikuwa nimeyasahau.

Baada ya siku ile nikawa nakwenda mara kwa mara. Lile beseni la plastiki sikulipenda. Lilikuwa na nyufa na mikwaruzo, na mimi najua uchafu unapenda kukaa wapi. Nikaenda sandukuni nikatoa beseni langu la ukunga, la chuma kisichoshika kutu, pana, linang'aa. Lilikuwa limekaa pale bila kazi tangu nistaafu. Nikalichemshia maji, nikalisugua, nikampelekea mjukuu wangu likiwa limefungwa kwa kanga safi. Alilipokea kwa mikono miwili. Daktari naye alilisifu, akaniamkia, akaniuliza habari za magoti, kisha akatoka na kurudi na kiti chake mwenyewe cha ofisini, kile cha kuegemea, akakiweka kwenye lile zulia la mpira. Yeye akawa anaandika amesimama.

Mjukuu wangu akasema, "Kwa kuwa umekuja na vifaa, utakuwa msaidizi wangu. Wewe shika yai, mimi nishike tochi. Mikono yako ndiyo iliyozoea."

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu ukizeeka unapewa viti na kuombwa upumzike. Kuombwa mikono ni jambo jingine.

Basi nikaingiza mikono yangu kwenye maji, nikalishika yai kwa ncha za vidole, viganja vimeegemea ukingo wa beseni kwa sababu vidole vyangu vya siku hizi vinatetemeka. Tochi ikawashwa. Mtoto alikuwepo, macho yake, mistari yake, kiini chake. Mkia umejikunja kumzunguka.

Haukutikisika.

Tulisubiri. Mjukuu wangu akasogeza tochi kidogo. "Labda amelala," akasema, na sote wawili tukajua hakuna mtoto wa papa anayelala hivyo. Tukamrudisha haraka, tusimchoshe.

Siku iliyofuata tukamtoa tena. Amejikunja vilevile, ametulia vilevile. Na siku nyingine. Kila tulipomtazama alikuwa kama picha ya mtoto. Mjukuu wangu akaacha kuniita mke mwenzake. Jioni nyumbani alikula kidogo, akaosha vyombo visivyo vichafu.

Mkunga anajua ukimya. Ulikuwa ndio kitu ninachokiogopa kuliko damu. Unaweka kipembe, unatafuta, unahamisha, unatafuta, na mama anakuangalia usoni, nawe unautuliza uso wako. Nilijikuta naufanya uso ule mbele ya mjukuu wangu, naye alikuwa ananiangalia vilevile kama wale mama.

Daktari alikuja kuona. Nilishika yai, tochi ikawashwa, akainama. Alikaa pale mpaka mgongo ukamuuma. Kisha akazungumza taratibu, na namshukuru kwa jinsi alivyozungumza, alianza na jina la mjukuu wangu wala hakuanza na kazi.

"Sipendi kusema hivi. Lakini akishaanza kuoza hatutajua lolote. Tukilifungua sasa, angali mzima wa mwili, tutajua alifika wapi na kilichomzuia. Yale mengine yote tulichelewa. Tusimpoteze na huyu bure."

"Maji yake ni safi," mjukuu wangu akasema. "Halinuki. Halijaingia ukungu."

"Maji yetu ni ya baridi. Vitu vinakaa."

"Nipe mpaka mwisho wa wiki."

"Mpaka mwisho wa wiki," daktari akakubali. "Na nitalifungua mimi, si wewe."

Bomba alikuwa amezima pampu ndogo ili wasikilizane. Alipoiwasha tena hakutania. Siku zile zote hakutania, na siku moja nilikuta ameweka chupa ya chai ya moto kwenye kiti changu, na vikombe viwili.

Siku ya kulifungua ikafika, nami nikaenda. Mjukuu wangu alisema si lazima. Nikamwambia, "Mimi siachi mzazi katikati." Alijua namaanisha yeye.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimepangwa. Meza imefutwa, taa ya mezani imesogezwa, na kwenye kitambaa cheupe kuna mkasi mdogo, koleo jembamba na kisu chenye makali membamba. Beseni langu liko katikati, limejaa maji. Nilipoona kitambaa kile, taa ile, vyuma vile vimelala kwa mstari, kitu ndani yangu kikaamka chenyewe. Siku zote nilipokuwa mshikaji tu wa yai, nilinawa kama mtu anavyonawa kabla ya kula. Leo sikuuliza ruhusa. Nilikwenda kwenye bomba, nikakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, nikachukua sabuni. Kisha nikavua bangili.

Ni bangili ya shaba. Mume wangu alininunulia vidole vilipoanza kuvimba, watu wakimwambia shaba inavuta baridi yabisi. Sijui kama inavuta. Siivui kuoga, siivui kulala. Niliivua wakati wa kuzalisha tu, maana huwezi kumpokea mtoto na chuma mkononi, na tangu nistaafu nilikuwa sijaivua kabisa. Ilitoka kwa shida. Kulikuwa na msumari ukutani, nikaitundika.

Daktari alivaa miwani. Mjukuu wangu alilitoa yai kwenye kifuko, akanipa, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikaliingiza kwenye beseni. Viganja ukingoni, kama kawaida. "Tumtazame mara ya mwisho," akasema, akawasha tochi.

Mkia ulikuwa unapiga.

Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Bila haraka, kama mtu aliye kazini kwake.

Nilisikia pampu, nilisikia kelele za watoto wa shule kule mbele. Daktari aliweka kisu chini, akakisukuma mbali naye kwa kidole kimoja.

"Bibi," mjukuu wangu akasema kwa sauti ya chini, "leo umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nimenawa."

"Siku zote unanawa."

"Leo nimenawa vizuri."

Akaniangalia mikono. Akaangalia beseni, akaangalia msumari ukutani. Mjukuu wangu akifikiri hukunja pua, tangu utotoni. Alikwenda, akaitoa bangili kwenye msumari, akanivika yeye mwenyewe, kwa upole, akiipitisha kwenye mfupa wa kidole gumba. "Weka mkono tena. Uegemeze kama unavyoegemeza."

Nikaegemeza. Shaba ikagusa ukingo wa chuma, nusu ndani ya maji. Na pale pale mtoto akajikunja, mkia ukamzunguka, akaganda. Hata matamvua, ambayo sasa nilikuwa nimejifunza kuyatazama, yakafunga.

"Inua."

Nikainua. Tukangoja. Mkia ukaachia kidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni. Kisha ukaanza tena.

Daktari akakaa kwenye kiti changu bila kujua amekaa. "Alikuwa anajificha," akasema. "Siku zote hizi alikuwa anajificha, na mimi nilishasoma habari hii kabisa, nikaja na kisu."

Walinieleza wote wawili, wakipokezana. Chini ya pua ya papa kuna vitundu vidogo vidogo, vimejaa kitu kama uteute, na kwa vitundu hivyo anasikia umeme. Si umeme wa taa. Ni ule mdogo mno ambao kila chenye uhai kinautoa ndani ya maji: moyo ukipiga, msuli ukivuta, samaki akipumua. Papa anampata kaa aliyefukiwa mchangani, gizani, bila kumwona wala kumnusa, kwa kusikia tu kwamba yu hai. Na mtoto huyu, ambaye hajazaliwa, ambaye hajaona hata kokoto, alikuwa tayari anasikia. Lakini mtoto ndani ya yai hawezi kukimbia. Kitu kimoja tu anachoweza ni kuacha. Anaacha mkia, anaacha pumzi, anajinyamazisha mwili mzima, ili anayemtafuta apite.

"Na mimi ndiye niliyemtafuta," nikasema.

"Shaba yako na chuma cha beseni, ndani ya maji ya chumvi," mjukuu wangu akasema. "Umetengeneza betri, Bibi. Na mkono wako unatetemeka. Bangili inagusa, inaachia, inagusa, inaachia. Umeme unakuja na kwenda, kama samaki mkubwa anayepumua karibu yake."

Beseni lilikuwa langu. Bangili ilikuwa yangu. Nilivileta kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Na kila nilipomwinamia mtoto yule kwa mapenzi hayo, yeye alishika pumzi akingoja nimle au niondoke. Ungedhani ningesikitika. Sikusikitika. Nilijaa kitu kikubwa. Kwamba kiumbe kisichozidi kidole changu, kisicho na baba, kisicho na mama wa kukionya, kilisikia mkono wangu kupitia ngozi na maji, kikajua cha kufanya, na kikakifanya vizuri kiasi cha kuwadanganya daktari na mkunga.

Bomba alikuja kusimama mlangoni, spana mkononi. Akaelezwa. Akakuna kichwa.

"Kwa hiyo Bibi kamtisha mtoto wa watu mpaka akajifanya maiti."

"Ndiyo," nikasema.

"Hata mimi jana nilikuwa nakuogopa."

Tukacheka wote, na mjukuu wangu alicheka huku machozi yanamtoka, akayafuta kwa ule mkono wenye maji ya chumvi, ikawa balaa zaidi. Nilimfutia kwa kanga.

Beseni la plastiki likarudi kazini. Bangili ikabaki kwenye msumari kila nilipokuwa pale. Wiki zikapita, kiini cha njano kikapungua, kutoka zabibu mpaka njegere, kutoka njegere mpaka si kitu, na mtoto akajaza yai lote, amekunjwa kama nguo sandukuni.

Alizaliwa mchana, katika tangi dogo walilomtengea, wageni wamejaa kule mbele. Ncha moja ya yai ilifunguka kama mdomo wa bahasha, na pua ikatokea. Kisha ikakwama hapo. Vidole vyangu vikaanza kusogea vyenyewe. Mtoto akikwama bega, ninajua la kufanya. Nimelifanya mara nyingi kuliko nilivyopika ugali.

"Bibi, mikono."

Nikairudisha mapajani.

"Ukimvuta kabla hajawa tayari unamuua. Atatoka mwenyewe."

Nikaikalia mikono yangu, kweli, nikaikalia kama mtoto aliyekatazwa. Mtoto alipumzika, akasukuma. Akapumzika, akasukuma. Nilijikuta nasukuma naye kimoyomoyo. Daktari alikuwa amechuchumaa upande wa pili, miwani imejaa mvuke. Bomba alikuwa amejibanza nyuma yetu, anapumua kwa nguvu kuliko pampu zake. Kisha mwili wote ukateleza nje kwa mara moja, mistari myeusi na myeupe, mipya, mikali kama imechorwa asubuhi ile. Akashuka chini polepole. Akafika mchangani. Akakaa.

Hakulia. Hakukuwa na kamba ya kukata wala mama wa kumlaza kifuani. Mtawa alikuwa kwenye tangi lake, amelala pembeni ya jiwe lake, hajui kitu. Yule mdogo alikaa kidogo kama anayekumbuka njia, kisha akatambaa kwa mapezi yake, nusu kuogelea nusu kutembea, mpaka chini ya kigae walichomwekea, akaingia gizani, akageuka, akatutazama. Matamvua yake yakafunguka, yakafunga. Amefika, anapumua, ana nyumba. Sikuwahi kuona mtoto aliyezaliwa akiwa amekamilika hivyo. Wote niliowapokea walihitaji mtu.

"Jike," daktari akasema alipoweza kusema.

"Sasa tumwiteje?" Bomba akauliza. "Mtawa hawezi, tayari tuna mmoja mwenye sifa mbaya."

Hawakumwita kitu kwa muda. Walingoja kwanza aanze kula, kwa sababu watoto wa namna yake wengi hawafiki hapo. Siku moja mjukuu wangu alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akasema, "Mke mwenzangu, amekula kamba mzima." Akala sahani mbili za wali.

Kesho yake nikaenda. Mjukuu wangu akaniambia ninawe. Nikanawa mpaka viwiko, nikatundika bangili msumarini, na akaniruhusu kuingiza mkono tangini, bila chakula, mkono mtupu, kiganja juu, nikae hivyo.

Nilikaa. Maji yalikuwa baridi na vidole vyangu vikatetemeka kidogo. Baada ya muda, pua ikatoka chini ya kigae. Akaja akitambaa, anasimama, anakuja. Akapita vidole vyangu bila kuvigusa, akapita kiganja, akafika kwenye kifundo cha mkono, pale ambapo mimi huwashika mama kuhesabu mapigo yao. Akasimama hapo, pua yake karibu na ngozi, vindevu vyake vinacheza.

"Anatafuta nini?" nikanong'ona.

"Hatafuti, Bibi. Anasikia. Moyo wako unafika mpaka hapo."

Miaka yote ile nimeweka sikio, nimefumba macho, nimetafuta mioyo ya watoto wa watu. Hakuna aliyewahi kunitafutia wangu. Sikutaka aogope. Nikatuliza vidole, nikatuliza bega, na bila kukusudia nikashika pumzi, nikaganda kama alivyoganda yeye, nikimngoja amalize kunisikiliza.